Muhali Tuliovuka Nao Bahari

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Juni, Al Khoudh, baada ya chakula cha mchana. Jua la Maskati la mwezi huo mnalijua: hata paka hathubutu kukanyaga sakafu ya uani. Ndani kiyoyozi kinavuma, masinia ya biriani yamekwisha ondolewa, dele la kahawa linazunguka, halwa imefunuliwa. Mtoto wa kike wa miaka saba, pengine minane, alipita mbele yangu na bakuli la tende. Alivaa blauzi ya mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alipoinama kuniwekea bakuli, mtandio ukateleza, nikaliona sikio lake la kushoto. Limevilia damu, zambarau kwa juu, kijani kwa chini, na nyuma yake, pale ngozi inapokutana na nywele, alama tatu za mviringo zimepangana kama ncha za vidole.

Nikamuuliza mama yake. "Ameanguka ngazini," akasema, na haraka akanijazia kikombe. Mtoto hakutia neno. Alinitazama mimi, kisha akautazama mlango unaoelekea kwenye majlisi ya wanaume.

Shangazi yangu alikuwa ameyaona yote. Akanivuta mpaka jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hayo ya watu yaache. Nyumba hii ina jina." Nikamwambia, "Shangazi, lakini sikio lile..." Akanikata: "Unataka kumtia mtu jela kwa sikio?" Nikanyamaza. Nikarudi kukaa, nikala halwa. Miaka mingi imepita, na leo ninaandika kwa sababu siku ile niliyaacha.

Nilikuja kujifunza baadaye jambo ambalo daktari yeyote wa watoto angeniambia kwa dakika moja. Mtoto akianguka huumia pale mifupa inapotokeza: paji la uso, magoti, miundi, viwiko. Sikio limekingwa na kichwa upande mmoja na bega upande wa pili. Ndiyo maana mavilio ya damu kwenye sikio, shingo au kiwiliwili cha mtoto mdogo humfanya daktari aulize maswali zaidi, na mavilio popote pale kwa kitoto kisichotambaa bado humfanya aulize zaidi na zaidi. Mguu uliobabuka kwa maji ya moto ukaacha mstari ulionyooka kama wa soksi haukurukiwa na maji kwa bahati mbaya. Mtoto aliyekanyaga maji ya moto mwenyewe hurusha mguu, na maji hutapakaa.

Hata madaktari walikuwa na muhali wao. Kwa miaka mingi huko Marekani waliona kwenye picha za eksirei mifupa ya watoto iliyovunjika, ikaunga, ikavunjika tena, wakaandika "ameanguka", kwa kuwa mzazi aliyekaa mbele yao alikuwa mtu mwenye heshima zake. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe wa Denver na wenzake wakachapisha uchunguzi uliolitaja jambo kwa jina lake: watoto hawa wanapigwa, na wanapigwa na watu wao. Kufikia 1967 majimbo yote ya nchi ile yalikuwa na sheria za kuwataka watu kama madaktari watoe taarifa. Ilichukua miaka mitano tu, baada ya watu wachache kukubali kukisema walichokuwa wakikiona siku zote.

Nimelitaja neno muhali, na Mswahili wa visiwani hahitaji kufafanuliwa. Muhali ni ile haya ya kumwambia jamaa, jirani au mkubwa wako kwamba amekosa. Ndio unaomfanya shahidi asifike mahakamani kwa sababu mshitakiwa ni mume wa binamu yake. Ndio unaozifanya kesi za udhalilishaji Zanzibar zife njiani, mpaka viongozi wa serikali wakawa wanaupigia kelele kwa jina kila wanapopanda jukwaani. Wazee wetu waliporudi Oman, wengine baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, walikuja na Kiswahili chao, kanga zao, mapishi yao na muhali wao. Kiswahili kinawatoka wajukuu mdomoni mbele ya macho yetu. Muhali haujawatoka.

Wala tusisingizie kwamba nchi haina sheria. Oman iliingia katika Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1996. Mwaka 2014 ikatoka Sheria ya Mtoto, kwa Amri ya Sultani namba 22/2014. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Mtu yeyote anaweza kutoa taarifa ya mtoto anayefanyiwa ukatili, na wale wanaoyajua mambo haya kwa kazi zao, daktari, mwalimu, mtu wa ustawi wa jamii, wanatakiwa kutoa taarifa. Zimewekwa kamati za kulinda watoto mikoani. Wizara ya Maendeleo ya Jamii ina simu ya kulinda watoto, 1100, na kuipiga ni bure. Ina pia nyumba ya hifadhi, Dar al-Wifaq, ya kuwapokea waliotolewa kwenye mateso. Anayesema hakuna pa kwenda hasemi kweli, au hajauliza.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wengi, na nataka liwaudhi. Akishukiwa mfanyakazi wa ndani, hatuna muhali hata chembe. Mtoto akionekana na mchubuko, na nyumbani yuko dada kutoka Tanga, Kampala au Addis Ababa, simu ya polisi inapigwa kabla ya adhuhuri. Begi lake linamwagwa sakafuni. Kamera zinarudishwa nyuma dakika kwa dakika. Hakuna anayesema "labda ameanguka ngazini". Na sawa, apigiwe. Wapo wafanyakazi wanaowatesa watoto, na mtoto ana haki ya kulindwa na kila mtu. Lakini akishukiwa ami, au mjomba, au mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye baba yake alisoma na baba yetu, wazee wanakaa. Kahawa inaletwa. Mtuhumiwa anatakiwa aape, anaapa. Mtoto anaitwa, anaambiwa ampe ami yake mkono, na watu wanasoma Fatiha.

Kumbe kupiga simu tunajua. Kumbe ushahidi tunajua kuutafuta, na uchungu wa mtoto tunao. Tunachokikosa ni ujasiri pale mkosaji anapokuwa wetu, na ukweli mchungu unaojulikana na kila anayefanya kazi hii duniani ni kwamba mara nyingi mkosaji ni wetu. Anayemdhuru mtoto kwa kawaida ni mtu anayemjua, anayeaminiwa, mwenye funguo za nyumba. Tunamfundisha mtoto amwogope mgeni, halafu tunamlaza chumba kimoja na yule asiyewahi kuulizwa lolote.

Na hiyo sulhu, tuitazame vizuri. Katika kikao kile nani alimsemea mtoto? Baba alisemea jina la nyumba. Babu alisemea udugu. Mtuhumiwa alijisemea mwenyewe, na ana umri, ndevu na maneno. Mtoto wa miaka minane alisimama kwenye zulia akiangalia vidole vya miguu yake. Halafu hukumu inatoka: kijana aondoke Maskati kidogo, aende Sohar kwa dada yake, au arudi Unguja mpaka mambo yapoe. Huko Sohar kwa dada yake kuna watoto wanne. Unguja kuna watoto tele. Hatukumaliza jambo, tumelihamisha kwa nauli yetu.

Wanaotetea kimya hukimbilia dini. Watakwambia kumsitiri Muislamu ni thawabu. Ni kweli kabisa, aliyeteleza akatubu katika lake na Mola wake asitiriwe. Lakini dhulma inayomkalia mtoto kila usiku si mtelezo wa mtu na Mola wake; yuko aliyedhulumiwa, na haki yake haiko mikononi mwetu tuigawe. Dini hiyohiyo imetufundisha kwamba ndugu aliye dhalimu husaidiwa kwa kuushika mkono wake asidhulumu. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tusimame na uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jamaa wametajwa waziwazi. Naona kama vile muhali wetu ulijulikana kabla hatujazaliwa.

Tena tunajidanganya kuhusu ni mtoto gani yuko hatarini. Binti tunamfungia, tunamuuliza anakwenda wapi na nani. Mvulana tunamwachia: atalala kwa binamu zake, atapanda gari la yeyote, atarudi usiku, kwani yeye ni mwanamume. Utafiti uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na serikali pamoja na UNICEF, matokeo yake yakatangazwa 2011, ulikuta kwamba Zanzibar wavulana waliosema waliwahi kufanyiwa udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa asilimia 9, na wasichana asilimia 6. Wavulana ndio waliokuwa wengi. Nimeisoma idadi hiyo mara nyingi, na kila mara namfikiria mvulana anayekataa ghafla kwenda chuoni, anachapwa kwa uvivu, analazimishwa kurudi. Mtoto aliyeanza kukojoa kitandani tena akiwa na miaka tisa, aliyeacha kula, anayeganda mtu fulani anapoingia, ameshasema. Ametumia lugha aliyokuwa nayo.

Niwarudie wafanyakazi wa ndani, kwani wao ndio waliobeba siri za majumba yetu. Nani anamuogesha mtoto? Nani anafua shuka zake? Nani yuko macho saa tisa za usiku mlango wa chumba unapolia? Shahidi wa kwanza wa mateso ya mtoto katika mji huu mara nyingi ni mwanamke wa Kitanzania, Kikenya au Kiganda, anayezungumza Kiswahili na anayempenda mtoto yule kama wake aliyemwacha kwao. Naye tumemfunga mdomo. Anayemshuku ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake. Kibali chake cha kukaa nchini kiko kwa mtu huyo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyowahoji wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza kwa kirefu pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, vipigo. Sheria mpya ya kazi ya 2023 haiwahusu wafanyakazi wa majumbani. Mwanamke wa namna hiyo akipiga simu usiku huu, kesho anaweza kuitwa mtoro. Tukimdhulumu yaya, tumemdhulumu pia mtoto anayelelewa naye, kwa sababu tumemnyang'anya shahidi pekee aliyekuwa naye ndani ya nyumba.

Kwa hiyo, dada yangu unayesoma haya kwenye simu jikoni mwa watu: usimkabili bwana wa nyumba. Usimwambie bibi wa nyumba kwa hasira. Andika siku, saa, na ulichokiona, mahali ambapo hakuna atakayepasoma. Piga 1100. Ikiwa mtoto yuko hatarini saa hii, piga polisi, 9999. Ukiogopa yatakayokupata wewe, wasiliana na ubalozi wa nchi yako. Waeleze mambo yote mawili, la mtoto na la kwako.

Na wewe jamaa, jirani, mwalimu, sikiliza. Kutoa taarifa si kutoa hukumu. Hukuitwa uthibitishe, wapo waliosomea kazi hiyo. Unachotakiwa kusema ni ulichokiona na ulichokisikia, mtoto ni nani, anaishi wapi, na nani yuko naye sasa hivi. Kama jina lako linakutia hofu, kabla ya kulitaja muulize anayekupokea litalindwa vipi. Ukingoja mpaka uwe na hakika, utangoja mpaka mtoto afikishwe hospitalini, na pengine hata hapo wataambiwa ngazi.

Mtoto akikujia mwenyewe, usipige kelele na usilie mbele yake, atadhani amekuumiza. Mwache aseme kwa maneno yake, hata kama ni maneno ya kitoto usiyoyaelewa, na uyaandike hivyohivyo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana ahadi hiyo utaivunja na atajua kwamba hata wewe ni mwongo. Mwambie umemwamini na kwamba hana kosa. Usimrudishe kueleza mara ya pili kwa shangazi, ya tatu kwa bibi, ya nne kwa baba. Kila anapoelezea mbele ya sura mpya iliyokunjamana anaumia, na maelezo yanavurugika. Ikiwa ni jambo la kuingiliwa, usimkoshe wala usifue nguo zake. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya kumkinga na Virusi vya Ukimwi ina muda wa saa 72 tu, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Familia nyingi saa hizo zinamalizika kwenye kikao cha wazee.

Kuna uovu mwingine umeingia siku hizi, na watu wema ndio wanaoufanya. Video ya mtoto anayepigwa inamfikia mtu kwenye WhatsApp, anaguna, anaandika "inna lillahi", anaisambaza kwenye vikundi vitano. Anadhani amefanya jambo. Mtoto yule sasa anapigwa katika kila simu ya ukoo, na wanafunzi wenzake wataiona. Ikiwa ni picha ya uchafu, kuisambaza ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Oman, Amri ya Sultani 12/2011. Video ikikufikia, iripoti polisi na usimpelekee mtu mwingine yeyote.

Nina madai pia kwa wenye mamlaka, na ninayatoa kwa heshima lakini bila kupunguza neno. Namba 1100 ibandikwe kwa Kiarabu, Kiswahili, Kihindi, Kibengali na Kiamhari, kwenye vyoo vya wanawake hospitalini, kwenye maduka ya Ruwi na Mabela, kwenye vyumba vya kuwasili uwanja wa ndege, mahali ambapo mfanyakazi anaweza kuisoma bila kusimamiwa. Awepo kwenye simu hiyo mtu wa Kiswahili saa zote. Mfanyakazi wa ndani anayetoa taarifa ya mtoto apewe ulinzi wa kisheria palepale: asishitakiwe utoro, asirudishwe nyumba ile, asifukuzwe nchini kabla ya kutoa ushahidi. Masheikh wetu, angalau hotuba moja ya Ijumaa kwa mwaka izungumzie dhulma ya watoto kwa jina lake, bila mafumbo. Na mkuu wa shule anayemwambia mwalimu "hebu tusubiri" aelewe kwamba mwalimu yule ana wajibu wa kisheria ambao mkuu hana mamlaka ya kuusimamisha.

Kwa ndugu zetu wa nyumbani: Tanzania na Kenya namba ya kuwasaidia watoto ni 116, bure. Unguja, pale hospitali ya Mnazi Mmoja, kiko kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo huduma anazozihitaji mtoto zimewekwa pamoja ili asizungushwe huku na huku. Jamaa wa Maskati akikwambia "tunamleta kijana akae kwenu kidogo", muulize kwa nini, na usikubali jibu la kwanza.

Yule mtoto wa Al Khoudh sasa ni mtu mzima. Haji kwenye harusi za ukoo, na watu wanasema ana maringo. Siku ile chumba kizima cha wanawake kililiona sikio lake, na kila mmoja wetu alikuwa na simu kwenye mkoba. Nimekwisha muomba radhi. Hakunijibu, na sina haki ya kumdai jibu.

Basi chukua simu yako sasa hivi uandike 1100 mahali utakapoiona upesi. Kisha nenda jikoni, umwonyeshe yule anayekulelea watoto namna ya kuipiga, na umwambie mbele ya watoto wako kwamba ana ruhusa ya kuipiga hata kama unayeshukiwa ni wewe.